Sanduku la Wifi na Taa ya Bluu

Taa ya bluu ya hospitali inakausha ubongo wa mtoto. Ndivyo ilivyosemwa. Ukiuliza nani kasema, unajibiwa, "Watu." Ukiuliza watu gani, unatazamwa kama wewe ndiye mwenye kasoro. Wifi aliyapata maneno hayo kwa msusi wake, msusi aliyapata kwa mteja, na mteja huyo hakuna aliyewahi kumwona wala kukijua kichwa alichosukwa. Lakini maneno yake yalitembea mtaa mzima kwa miguu yote miwili, na Bosi, mtoto wa miaka sita aliyekuwa akisemwa kwa maneno hayo, hajawahi kusimama hata siku moja.

Bosi lilikuwa jina la utani. Baba yake, mpaka rangi za nyumba, ndiye aliyembandika siku ambayo yeye na mkewe walikuwa wamechoka kulia. Mtoto hatembei, anabebwa. Hajilishi, analishwa. Akikasirika, nyumba nzima inasimama. Sasa huyo si bosi ni nani? Hospitali walikuwa na majina yao: mtindio wa ubongo, na karatasi nyingine ikaongeza ulemavu wa akili. Wifi, dada mkubwa wa mume, naye alikuwa na lake, "zezeta," ambalo alilitumia akidhani mlango umefungwa.

Mama yake Bosi alikuwa fundi wa mapazia. Uvumi ule wa taa ulimganda kama uzi kwenye nguo nyeusi. Akiutoa hapa, anaukuta pale. Alijua Wifi ni mropokaji. Alijua pia kwamba hakuna jambo mtaani ambalo Wifi hajalisomea bila kwenda shule. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe aliona kwa macho yake. Bosi alizaliwa salama, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Siku ya sita akalazwa chini ya taa ya bluu. Baada ya hapo akawa hivi alivyo. Uvumi ulikuwa umepata mguu wa kusimamia, na mama yule, kila alipochomeka waya wa cherehani na taa yake ndogo kuwaka, alijiuliza: nilimpeleka mwanangu mwenyewe akaungue?

Yale ya kabla ya siku ya sita hakuyafikiria sana. Hapo ndipo Wifi alipomshinda.

Basi tuyaseme. Siku ya tatu ya maisha yake Bosi alianza kugeuka rangi. Wifi akampokea, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua kitambaa, akapiga kigelegele.

"Weupe wa babu yetu huu! Nilisema mimi! Damu yetu haijifichi!"

Siku ya nne macho yenyewe yakawa manjano. Akaitwa mwenye duka la dawa wa pale kona, ambaye mtaa ulimwita Dokta Glukosi, kwa kuwa hakuna ugonjwa ambao hakuutibu kwa glukosi. Uchovu, glukosi. Mimba, glukosi. Mume hajarudi nyumbani, glukosi. Akamtazama mtoto akiwa amesimama mlangoni, funguo za duka mkononi.

"Manjano ya kawaida. Mwanikeni juani asubuhi, mpeni maji ya glukosi. Hospitali mtawapa kazi bure."

Wakamwanika. Siku ya tano mtoto akaacha kunyonya. Kilio chake kikawa chembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Usiku akapinda mgongo kwa nyuma kama upinde, na Wifi, mtaalamu wetu, akasema anajinyoosha, atakuwa mrefu. Asubuhi ya siku ya sita, baba akambeba mbio hospitali. Hiyo ndiyo habari nzima. Lakini Wifi alipoisimulia, alianzia kwenye taa. Siku tano zote za kabla yake alizikata na mkasi.

Miaka ikapita. Mama yule akajifunza kazi ya pili bila kuiomba. Alijua kumkalisha Bosi wima, kidevu kimeinama kidogo, ndipo ampe kijiko, kwa sababu mara mbili chakula kilishaingia mapafuni na kulazwa kukafuata. Alijua kumnyoosha magoti na nyonga taratibu kila asubuhi kama mama wa mazoezi wa hospitali alivyomfundisha, yasije yakakakamaa. Alijua dawa ya kifafa haikosi hata siku moja. Alijua pia kwamba mtoto hasikii. Hilo lilichelewa kujulikana. Cherehani ilinguruma karibu na kitanda chake mwaka mzima, naye analala fofofo, na Wifi akisifu, "Mtoto mtulivu huyu, hana kelele wala hashituki!" Hashituki! Mtoto kiziwi atashituka na nini? Akawa pia hawezi kuinua macho kutazama juu. Ukitaka akuone, unachuchumaa. Ukichuchumaa anacheka hadi mwili mzima unajisokota, na mtu aliyemwona akicheka hivyo hatalitamka tena lile neno la Wifi.

Mama akapata mimba ya pili. Safari hii alihudhuria kliniki zote, akajifungulia hospitali siku ya Jumatatu, mtoto wa kiume tena. Jumanne nesi akampa ruhusa na kumwandikia kwenye kadi.

"Alhamisi asubuhi umrudishe, mama. Usikose. Wa kwanza alipata manjano makali, kwa hiyo huyu tunamwangalia kwa macho manne. Na manjano yakionekana kabla ya hapo, usingoje Alhamisi."

"Mtamweka kwenye taa?"

"Ikibidi tutamweka."

Mama akaikunja kadi mara nne, ikawa ndogo kama kifungo.

Jumanne hiyo hiyo Wifi akaja na sanduku. Lilikuwa sanduku la bati lenye nguo za watoto wa ukoo ule. Vizazi viwili vilikuwa vimevaa nguo zile: vifulana, kofia, soksi, shali, na sweta jeupe la kufuma ambalo kila mtoto lazima avalishwe, la sivyo si wa kwao. Sanduku lilikaa chini ya kitanda cha Wifi likilindwa kwa vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza mende na wadudu wa nguo. Si viwili wala vitatu, ila konzi nzima katika kila kona. Wifi hakuzifua nguo akizitoa. Kuzifua ni kuzichakaza. Alizikung'uta mara moja tu, kisha akamvalisha mtoto hapo hapo.

"Nusa, wifi yangu," akasema kwa fahari. "Harufu ya usafi hiyo."

Ilikuwa harufu ya kuingia hadi kwenye meno. Mama alipiga chafya. Lakini Bosi naye alivaa nguo hizo hizo, na mama alichoka, na mtu aliyezaa jana hana nguvu ya kubishana na sanduku.

Alhamisi asubuhi alivaa viatu. Wifi akamkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na kichanga?"

"Kliniki. Nesi alisema."

"Nesi atakuja kukubebea? Umeshampeleka mmoja kwenye lile jiko lao la bluu wakakurudishia gogo. Sasa unapeleka na wa pili? Kaka! Njoo umwone mkeo!"

Mume akaja, brashi mkononi, rangi kwenye nyusi. Mbele ya majengo ya watu alikuwa mwanamume. Mbele ya dada yake alikuwa mtoto wa darasa la pili.

"Dada anasemaje?"

"Namwambia angoje. Mtoto ana shida gani? Amelala kama malaika."

"Basi tungoje kidogo, mama Bosi. Si ndiyo? Kidogo tu."

Mama akavua viatu, kadi ikabaki ndani ya kimoja. Hapa hakuna wa kumlaumu ila yeye. Alikuwa na kadi, alikuwa na miguu, alikuwa na mwana wa kwanza wa kumkumbusha kila alipomgeuza kitandani. Akavua viatu kwa sababu ya mteja wa msusi.

Chumba alicholala mtoto kilikuwa na mapazia ya rangi ya dhahabu aliyoyashona mwenyewe ili wageni waje kumwona mtoto mahali panapong'aa, na kuta ambazo mume alizipaka kwa mabaki ya rangi ya krimu. Mwanga ukiingia humo, kila kitu kilikuwa manjano: shuka, kikombe, uso wa Wifi. Mtoto wa manjano ndani ya chumba cha manjano ni mtoto wa kawaida.

Ijumaa asubuhi kifungo cha sweta jeupe kilikatika. Wifi akaagiza kishonwe mara moja, kwani mchana kulikuwa na wageni. Mama akachukua boksi la nyuzi. Fundi wa mapazia ana tabia moja asiyoiacha hata akiwa mgonjwa: hachagui uzi ndani ya nyumba. Mwanga wa ndani unadanganya, na mteja akifika kwake anaona mshono umetofautiana na kitambaa. Kwa hiyo unatoka mlangoni, unaweka kigurudumu cha uzi juu ya kitambaa, unatazama kwenye mwanga wa mchana. Akatoka, mtoto mkono wa kushoto, sweta likiwa limefunguka kifuani, boksi mkono wa kulia. Mtoto alikuwa mlegevu. Tangu alfajiri alikuwa amenyonya mara moja, naye akasinzia ziwa likiwa mdomoni.

Akatoa uzi wa krimu. Boksi likainama, na kigurudumu kingine kikadondokea kifuani mwa mtoto. Kilikuwa cha uzi wa rangi ya haradali, ule alioshonea mapazia ya ofisi moja mwezi uliopita. Akakitazama ili akiokote, asikione. Uzi na ngozi vilikuwa kitu kimoja.

Akambonyeza mtoto kwa kidole kwenye paji la uso, akaachia. Palipobonyezwa paliwaka manjano. Kifuani, manjano. Akamvua soksi ya ukoo, akabonyeza wayo. Hata wayo.

"Baba Bosi!" Aliita kwa sauti ambayo mume hakuwahi kuisikia. "Njoo na macho yako ya kazi!"

Mume akaja. Mtu huyu alijua rangi ya yai, ya mahindi, ya limau bichi na ya limau bivu. Mteja akimwambia njano alimwuliza njano ipi. Siku tatu alikuwa akipita mbele ya njano ya nyumbani kwake bila kuiona. Mama akamwekea kigurudumu cha uzi kando ya shavu la mwanawe.

"Haradali," mume akanong'ona. Brashi ikamtoka mkononi.

Wifi akatokea nyuma yao akipangusa mikono. "Nini tena? Si weupe wetu huo!"

"Tunakwenda hospitali," mama akasema.

"Kwenye taa? Taa ile ile iliyommaliza Bosi? Wifi, wewe una moyo wa jiwe!"

"Nina swali moja tu, wifi. Bosi alipofikishwa kwenye taa, mgongo ulikuwa umeshapinda au haujapinda?"

"Mambo ya zamani hayo, nani anakumbuka—"

"Ulisema anajinyoosha. Ulisema atakuwa mrefu."

"Mimi? Mimi nilisema?"

"Sikuulizi wewe." Akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye ulimbeba. Ulikuwa umepinda, au haujapinda?"

Mume akatazama uzi. Watu wawili wanaweza kukaa miaka sita nyumba moja na swali dogo kama hilo bila kuulizana.

"Ulikuwa umeshapinda," akasema. "Nilimbeba akiwa kama upinde. Kabla ya taa. Kabla hata ya lango la hospitali."

"Basi mshike Bosi umkabidhi dada yako, ulete kadi. Iko kwenye kiatu changu."

Wifi alisonya msonyo mrefu wa kutosha kusindikiza watu hadi barabarani.

Nesi aliwapokea kwa macho makali. "Jana nilikungoja, mama." Kisha akainama kwenye shali, akarudisha kichwa nyuma. "Kinanuka nini hiki?"

"Nguo za ukoo. Zinawekwa na naftalini."

"Zilifuliwa?"

"Hazifuliwi."

"Mvue. Zote. Sasa hivi." Nesi mwenyewe akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga mafundo mawili. "Kuna watoto, hasa wa kiume, ambao damu yao haivumilii vidonge hivi. Mtoto wa hivyo akivuta harufu yake tu, au sumu yake ikipita kwenye ngozi, chembe za damu zinavunjika ovyo, manjano yanapanda kama maji ya mafuriko. Wa kwanza naye alivaa nguo hizi?"

Mama akautazama mfuko ule. Nesi aliona jibu, akaacha kuuliza.

Damu ikapimwa. Daktari, kijana mwenye sauti ya kuchoka, akasema kiwango kiko juu mno, kimefika pale ambapo wanahesabu saa. Mtoto akawekwa chini ya taa ya bluu, amefunikwa macho, na huku wakitayarisha damu ya kumbadilishia kama taa peke yake haitatosha. Mama alisimama pembeni akiitazama ile taa kama mtu anayemtazama adui wake.

"Daktari, niambie ukweli. Hiyo haikaushi ubongo?"

"Nani amekuambia?"

"Watu."

Daktari karibu acheke, akajizuia. "Taa haigusi ubongo, mama. Manjano ndiyo yanayoingia kwenye ubongo yakizidi, na yakishaingia hakuna wa kuyatoa. Ndiyo yanaleta mtindio, uziwi na mengine. Taa inayavunja yakiwa bado kwenye damu, yatoke kwa mkojo na choo. Wanaoiogopa wanatuletea watoto wakiwa wameshaharibika. Tunawaweka hivyo hivyo. Kisha mtaa unaona mtoto mlemavu ametoka kwenye taa. Hesabu imefungwa, taa ina hatia."

Jioni walimbadilisha damu. Kwa muda wa saa mbili na nusu mama alikaa kwenye benchi, kile kigurudumu cha uzi kikiwa mkononi. Hakujua kilifikaje huko. Kila asubuhi iliyofuata alikiweka kando ya shavu la mtoto, chini ya dirisha. Siku ya kwanza uzi ulianza kuonekana. Siku ya pili ulionekana wazi. Siku ya tatu mtoto alinyonya kwa hasira, kama anayedai kitu chake, na manesi wakacheka.

Waliporudi nyumbani walimkuta Bosi ana homa, kifua kinakoroma. Chupa ya dawa ya kifafa ilikuwa imejaa kama walivyoiacha.

"Nilimpumzisha," Wifi akaeleza, bila haya wala soni. "Dawa kila siku zinamlegeza. Ameanguka mara mbili tu. Na kulishwa amekaa anapata tabu, nikamlaza chali, akala vizuri."

Mara mbili tu! Mume, kwa mara ya kwanza maishani, akasema, "Dada, nenda nyumbani," akambeba Bosi kurudi hospitali walikotoka. Sindano za wiki nzima. Lakini alipona.

Wifi hakuondoka bila sanduku lake. Alipoambiwa aliyoyasema nesi, alisimama mlangoni analikumbatia.

"Sanduku hili limelea watoto kumi na wanne wa ukoo huu! Kumi na wanne! Leo mnaliita sumu?"

"Wako wapi wote?" mama akauliza.

"Nani?"

"Hao kumi na wanne. Nitajie."

Wifi akaanza kutaja kwa vidole, kwa madaha. Alipofika wa tano akaruka kidole. Alipofika wa tisa akaruka tena. "Hao Mungu aliwachukua wachanga. Wiki ya kwanza. Walikuwa weupee, wazuri." Wa kumi na moja ni yule wa shangazi, anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Kisha Bosi.

"Wote walikuwa wa kiume hao uliowaruka?"

Wifi alifikiri. Labda ni mara yake ya kwanza kufanya hivyo. "Wa kiume," akasema, kisha akakasirika, kama kwamba ameibiwa. Akalitia sanduku kwapani, akaondoka.

Mtoto mdogo sasa ana miezi minne. Madaktari wanasema bado wanamfuatilia, kwa hiyo mama hajashangilia. Ila juzi aliwasha cherehani, na mtoto akashituka, akatupa mikono pande zote, akaangua kilio. Mama akazima. Akawasha tena. Mtoto akalia tena. Akafanya hivyo mara nne, mwanamke mzima, anamliza mwanawe kwa makusudi huku yeye anacheka na machozi yanamchuruzika. Kisha akainua kigurudumu cha haradali juu ya uso wake, akakipandisha taratibu. Macho ya mtoto yakakifuata juu, juu, hadi kwenye dari. Kando yao Bosi alikuwa ameinamisha kichwa, haoni kitu hicho wala hasikii kelele hizo, anacheka kwa sababu mama anacheka.

Jana habari imefika kwamba sanduku la Wifi limekwenda kwa mke wa shemeji mdogo. Ana mimba ya miezi minane. Wifi amelipeleka mwenyewe, na amemwonya juu ya taa. Mama Bosi akachukua kadi anazoandikia vipimo vya madirisha, akageuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa zisizo na mapambo, akampa mumewe aipeleke leo hii hii:

Usimvalishe mtoto nguo za sanduku lile. Usiweke naftalini nyumba aliyomo mtoto.

Usijifungulie nyumbani, na usikose kliniki.

Usimtazame mtoto rangi ndani ya chumba. Mtoe mlangoni, mbonyeze paji na wayo kwenye mwanga.

Usingoje manjano yaishe yenyewe. Yakionekana siku ya kwanza, au yakifika miguuni, au mtoto akikataa kunyonya, nenda saa hiyo hiyo.

Usitumie jua badala ya hospitali.

Usimpe kichanga maji wala glukosi.

Usiogope taa ya bluu. Ogopa kuchelewa.

Usiache dawa ya kifafa bila daktari.

Usimlishe amelala chali mtoto asiyeweza kukaa.

Usimsifu mtoto kwa kutoshituka. Mpeleke apimwe masikio.

Usiache viungo vyake bila kunyooshwa.

Usimwite zezeta.

Usimsikilize mtu ambaye akiulizwa nani kasema anajibu, "Watu."